Mazizi ya Akoo

Makaa ya mathenge ni mazuri, hilo silikatai. Yanashika moto haraka, hayarushi cheche, na maharagwe yanaiva kabla hujamaliza kumsengenya jirani. Mama anayeyauza karibu na ploti yetu hapa Bulla Pesa, mjini Isiolo, huniita kila jioni: "Mama Guyo, leo niko na mathenge safi!" Na kila jioni namwambia anipe ya mti mwingine. Ananiona mjinga, tena mwenye maringo. Majuzi hakuwa na mengine, watoto walikuwa wanalia njaa, nikayachukua. Nilipoyawasha na ule moshi wa kwanza ukanijia usoni, mtamu kidogo, kama sukari inayoanza kuungua, niliacha mwiko ndani ya sufuria nikatoka nje. Mtu mzima mimi, nimesimama uani kwa wapangaji, nasikia kiu ambayo si ya siku hiyo.

Labda ni kwa sababu Akoo ametutoka mwaka huu. Akoo ndivyo sisi Waborana tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama ya baba yangu. Baba naye tulimwita Abba. Nilipelekwa kwa Akoo meno ya mbele yakiwa yameng'oka na mapya hayajafika. Mama alikuwa akiuza maziwa ya ngamia mjini tangu alfajiri, Abba alikuwa turniboi wa malori ya ng'ombe yanayoshuka Nairobi, na mimi nilikuwa mtoto wa kuachwa na majirani. "Utakaa na Akoo kidogo," Abba aliniambia. Kidogo ya watu wazima! Meno yaliota yote nikiwa huko.

Boma la Akoo lilikuwa ng'ambo ya Gotu, katikati ya barabara na mto Ewaso Nyiro. Ilikuwa nyumba moja ya miti na udongo, zizi la mbuzi, na kaburi la babu chini ya mgunga, limezungushiwa mawe. Kila asubuhi kabla ya chai Akoo alisimama mlangoni akaelekea huko. "Salaam aleikum, mzee," anasema. "Tumeamka. Chai bado." Halafu anampa habari zote: mbuzi gani amezaa, nani amepita barabarani, mjukuu wako hapa ni mvivu sana, amelala mpaka jua limetoka. Mimi nilidhani babu anasikia na ananikasirikia, kwa hiyo nilikuwa nikipita mbali na yale mawe. Akoo hakutaka mengi duniani. Alitaka siku yake ikifika alazwe pale, karibu na huyo mzee, basi. Alilisema jambo hilo wazi mbele ya kila mtu, kama vile watu wengine wanavyosema wanataka kununua ng'ombe.

Sasa, ili unielewe, lazima nikueleze habari ya zizi. Kwetu zizi halikai mahali pamoja. Mbuzi wakilala pahali miezi kadhaa, mavi yanajaa mpaka unazama vifundoni, kupe wanazaana, na vitoto vya mbuzi vinaanza kukohoa. Hapo Akoo anasema, "Tuhame." Hatuhami nyumba. Tunaburuta matawi ya miiba hatua chache mbele, tunafunga zizi jipya, tunaacha la zamani. Baada ya miezi tena, hatua chache mbele. Hivyo zizi lilitembea polepole kuizunguka nyumba tangu Akoo alipokuwa bibi harusi, na kaburi la babu lilikuwa ndani ya huo mzunguko.

Siku ya kuhama, Akoo alichukua kibuyu, akaingia katikati ya zizi la zamani, akamwaga maziwa kidogo chini. "Nagaa," anasema, yaani amani. "Nagaa kwa waliolala hapa, nagaa kwa watakaokuja." Mimi ndiye niliyeshika kifuniko cha kibuyu, na kazi hiyo niliiona kubwa kuliko ya sheikh.

Maana watakaokuja walikuja kweli. Mvua ikinyesha, mahali pengine pote ni vumbi na vichaka vya kawaida, lakini lile zizi la zamani linaota nyasi ya kwanza, laini, ya kijani ambayo inakufanya utake kuila wewe. Wakaja swala. Wakaja punda milia, wakalala hapo mchana kweupe na watoto wao. Kanga walichakura mbegu, ndege wadogo wakafuata kwato wakidaka panzi, na mara moja mbuni alipita na vifaranga nyuma yake, nikacheka mpaka nikaogopesha mbuzi. Nilimuuliza Akoo kwa nini hawa wote wanakuja kwetu na pori ni kubwa hivyo.

"Nyasi ni tamu kwa sababu ya mavi," alisema. "Na hapa ni wazi. Simba akija wanamuona mapema. Wewe ungelala mahali huoni mlango?"

Mimi nilimsikia na sikumuamini. Mavi yalete swala? Nilijua ni maziwa. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu: anamwaga maziwa, mvua inakuja, nyasi inatoka. Akoo alikuwa ananificha siri yake, nami nilimheshimu kwa kuificha.

Halafu ukaja ukame. Sitaueleza, wa rika langu kutoka Isiolo wanajua. Mbuzi walisimama wima kumbe wameshakufa. Akoo akaacha kumpa babu habari za asubuhi, akawa anamsalimia tu. Ndipo siku moja Abba akashuka barabarani na magunia, akayabeba moja moja mgongoni mpaka nyumbani. Ndani yake mlikuwa na maganda ya manjano, marefu kama kidole, ya mti wa mathenge. Alikuwa ameyaokota mbali, huko mto unakoshuka, ambako miti hiyo ilikuwa imejaa. Mbuzi waliyanusa kwanza, wakaonja, kisha wakapandana vichwani. Nami nilitafuna. Yalikuwa matamu, jamani, matamu na makavu, na kidole changu kilinuka asali siku nzima.

Mbuzi wetu walipona. Wa majirani wengi walikufa. Abba alirudi na magunia mengine, na mengine tena, watu wakamsifu kwa kumfaa mama yake, na mimi nikatembea kifua mbele. Mpaka leo mtu akimlaumu Abba mbele yangu tutagombana. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Ila mbegu ya mathenge haisagwi na tumbo la mbuzi. Inaingia nzima, inatoka nzima, tena inatoka ikiwa imelazwa kwenye mbolea. Na Akoo, mtu wa kufuata desturi, aliendelea kuhamisha zizi hatua chache mbele, hatua chache mbele, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake. Kila alipohama aliacha shamba lililokwisha kupandwa.

Mvua ilipokuja nilikimbia kwenye zizi la zamani kutazama nyasi. Hakukuwa na nyasi. Kulikuwa na vijiti vyembamba vingi, na majani madogo madogo kama ya mgunga. Nilirudi nikilia. Akoo akaja, akachutama, akavishika kwa vidole, uso ukamng'aa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mungu ametupandia boma."

Alikuwa na sababu yake. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, na kukata miiba ya zizi kila mara kulikuwa kunammaliza. Huu hapa ukuta unaoota wenyewe, wenye miiba yake! Akakataza mbuzi wasiuguse. Aliulinda, maskini, akauzungushia matawi makavu usikanyagwe.

Mimi nilijua shida iko wapi. Ule mwaka wa ukame, siku za kuhama, Akoo alikuwa amemwaga maji yaliyotiwa maziwa kidogo tu, maana mbuzi hawakuwa na kitu. Nani amlaghai Mungu kwa maji? Basi nikawa naficha kikombe changu cha asubuhi. Nakwenda nacho taratibu kwenye vile vijiti, namwaga, nasema nagaa, na tumbo linanguruma. Akoo alinikuta.

"Wewe mtoto! Unamwagia nani chai?"

"Si chai. Ni maziwa. Ya nyasi."

Aliangua kicheko mpaka akakaa chini. "Woi, huyu mtoto ataniua! Ya nyasi!" Akacheka tena, akajifuta machozi na ncha ya leso. Halafu akavitazama vile vijiti, ambavyo sasa vilikuwa vinafika mabegani mwangu, akavitazama vya zizi la kabla yake, vilivyokuwa vimempita yeye, na kicheko kikamwishia mdomoni. Jioni hiyo aliingia na panga, akakata mpaka giza. Baada ya wiki mbili, kila kisiki alichokata kilikuwa kimetoa matawi sita.

Sijui niseme vipi jinsi mti huo ulivyotufunga. Haukutufunga kwa siku moja, hapo tungeshtuka. Mazizi ya zamani yalikuwa yamepangana kuizunguka nyumba, mbuzi wakapita humo wakidondosha mbegu, na kila zizi likawa kichaka, vichaka vikanyoosha mikono, vikashikana. Kwanza tulipoteza barabara: nilisikia malori lakini sikuona tena vumbi lake. Kisha tukapoteza vilima. Kisha upepo. Mchana ndani ya ule mduara kulikuwa na joto la jikoni, na kelele za nyuki kwenye yale maua ya manjano, na harufu tamu inayokufanya kichwa kikuume. Chini ya mathenge hakuoti kitu, hata jani moja. Ni udongo mtupu na miiba iliyodondoka, inayopenya kandambili, inayopenya hata akala za matairi. Swala hawakuja tena. Wangekuja kufanya nini mahali wasipoona mlango? Kanga walihama. Mbuzi wenyewe, kwa kula yale maganda matamu miaka na miaka, walioza meno, taya zikaenda upande, wakawa wanatafuna mate. Nilichukia kila kitu. Nilimchukia Akoo kwa kubaki, nikamchukia babu kwa kufa mahali pabaya. Wenzangu wa mjini walikuwa shuleni, wanaandika majina yao, na mimi nakata miche inayoota kwenye kaburi la mtu ambaye sikumjua.

Njia ya kutoka ilibaki moja. Ilikuwa inakwenda mtoni, nyembamba, imeinama kama shimo, mtu mzima anapita amejikunja. Hapo ndipo tulipotolea mbuzi na kuingizia maji.

Asubuhi moja mbuzi wa mbele alifika mdomoni mwa njia akakataa kuingia. Nilimsukuma matako, akagoma. Akoo akainama, akachungulia, akarudi kinyumenyume, akanishika mkono.

"Nyati," alinong'ona.

Alikuwa amelala katikati ya njia, dume la peke yake, mweusi, na pale kwenye kivuli nilichoona mimi ni pua tu inayong'aa. Mathenge kwake ilikuwa nyumba nzuri. Tulipiga sufuria. Tulirusha mawe. Akoo alimtukana kwa Kiborana, matusi ambayo sikujua anayajua. Nyati alipumua. Maji yalikuwa yamebaki ya kujaza kikombe, na Akoo akanipa mimi, akadai ameshakunywa. Saa zikaenda. Mbuzi walilia, kisha wakachoka kulia, na kule kunyamaza ndiko kulikonitisha. Kesho yake bado alikuwa pale. Ulimi wangu ulikuwa umegeuka gamba la mti. Nilimuuliza Akoo kama tutakufa, naye akasema, "Nyamaza, usimalize mate."

Jua lilikuwa utosini tuliposikia sauti. Ilitoka upande wa barabara, upande ambao hakukuwa na njia.

"Mamaa! Salaam aleikum!"

"Waleikum salaam!" Akoo aliruka juu kama msichana. "Uko wapi?"

"Hapa!" Ilikuwa sauti ya Abba.

"Hapa wapi?"

"Hapa nje! Njia gani mnapita siku hizi?"

"Njia nyati amelala ndani!"

Halafu Abba akauliza, "Amelala tangu lini?"

"Muulize mwenyewe!"

Wallahi ningecheka kama ningekuwa na mate. Tulikuwa tunasikilizana vizuri kabisa, kama watu walioko chumba hiki na kile, na hatukuweza kuonana hata ukucha. Abba aliposikia hatuna maji sauti yake ilibadilika. Nikasikia panga likianza. Akoo akachukua lake, akaanza kukata kutoka ndani kuelekea ile sauti. Walikata wakigombana.

"Mama, hii maisha gani? Mko jela!"

"Ni boma langu!"

"Nimekodi chumba kingine kwa ploti. Maji ya mfereji iko. Huyu mtoto aende shule, Mama!"

"Na baba yako nimwachie nani?"

"Baba yuko na Mungu!"

"Hata mimi niko na Mungu, na bado nataka mtu wa kuongea na yeye!"

Panga la Abba lilisimama. Kisha akasema, si kwa kelele, lakini tulimsikia: "Mama, ni mimi nilileta hii kitu. Kwa hizo gunia. Ni mimi nimewafunga."

Akoo alisimama na panga mkononi, damu ikimtiririka kwenye mkono hadi kiwikoni. "Uliokoa mbuzi zangu," alimjibu. "Kata, wacha maneno."

Abba alitokeza karibu na magharibi, shati limebaki kola na vifungo, uso umechanika kila mahali, na mtungi wa maji amefunga mgongoni kwa kamba. Nilikunywa nikatapika, nikanywa tena. Akoo aliwapa mbuzi, kisha yeye akanywa yaliyobaki chini, pamoja na mchanga wake. Aliponitazama nilikuwa nimekaa chini na mtungi mtupu nimeukumbatia, sitaki kuuachia. Alinitazama kwa muda mrefu. Akaenda kwenye yale mawe chini ya mgunga, akakaa kule peke yake, na aliporudi alikuwa ameshafunga leso kiunoni.

"Tutaenda," alimwambia Abba. "Kwa sababu ya huyu. Lakini nikifa utanirudisha hapa kwa huyu mzee. Sema wallahi."

"Wallahi, Mama."

"Sema tena."

"Wallahi. Njia si hii, nimeifungua na mkono yangu?"

Nilitoka kupitia njia hiyo mgongoni kwa Abba, miiba ikinikwaruza magoti, na nilipoona barabara, na vilima, na mbingu ikiwa kubwa tena mpaka chini, nilipiga ukelele wa furaha. Akoo alikuja nyuma akiwaswaga mbuzi. Mimi sikugeuka.

Aliishi na sisi mjini miaka mingi. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, naye akamlea kifungua mimba wangu mpaka akawa anaongea Kiborana kizuri kuliko changu. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba chake, akaelekea ukuta wa mabati wa jirani, akatoa habari: Guyo ameota jino, unga umepanda bei, chai bado. Wapangaji wapya walidhani ni mgonjwa. Abba akienda upande wa Gotu alimuuliza, "Njia iko?" Na Abba, Mungu amsamehe, alimjibu, "Iko, Mama."

Aliaga dunia baada ya swala ya alfajiri. Kwetu maiti hangoji. Wanawake walipoanza kumuosha, sisi tulikuwa tumeshapanda pikapu, Abba na vijana wa mtaani wenye mapanga na majembe. Mimi mwanamke si desturi niende, lakini macho ya Abba yamefifia na hakuna mwingine aliyekumbuka mahali pa boma. Nilionyesha. Nilidhani nimekosea. Kutoka ukingo wa barabara hadi mtoni hakukuwa na boma wala vichaka. Ulikuwa ukuta mmoja wa kijani, umefika juu ya kichwa cha pikapu, na nyuki wanavuma ndani.

Vijana walikata. Wallahi walikata kama watu wanaolipwa dhahabu. Mwiba mmoja ulipenya kiatu ukatokea juu ya mguu wa kijana, akabebwa kando, mwingine akachukua panga lake. Simu ikaanza kulia kutoka mjini: ameshaoshwa, ameshavikwa sanda, mko wapi? Adhuhuri ikapita. Nilipokwenda kupima walipofika, niligeuka nikaiona pikapu bado, ningeweza kusoma namba zake. Abba alikuwa mbele yao wote, mzee yule, anakata huku analia waziwazi. Alasiri ilipoadhiniwa kwenye simu ya mmoja wao, nilimshika Abba mkono wenye panga.

"Abba, turudi. Anangoja."

Alikata tawi moja zaidi, akaliweka kando vizuri, akarudi kwenye gari.

Tulimzika Akoo makaburi ya mjini kabla jua halijazama. Ni mahali pa wazi, pamefagiliwa, unaona vilima pande zote. Upande wake wa kulia amelala mwanaume mmoja, na tumeuliza, hakuna anayemjua ni nani.